Sweta Haikohoi

"Vuta pumzi, Baba," Mwelu alisema, macho yake kwenye kalenda ya ukutani.

Mzee Kivuva alivuta. Yeye naye aliitazama kalenda hiyo hiyo. Koti alikuwa amelivua, lakini sweta nzito ilibaki, na ndani yake shati lililofungwa vifungo hadi shingoni. Juu ya hayo yote Mwelu aliweka stetoskopu yake, mara moja tu, upande wa moyo, kama mtu anayegusa sufuria ya moto. Mgongoni hakufika.

Angefanyaje? Huyu ndiye aliyemzaa mumewe. Kwao Ukambani, mke wa mwana hampi baba mkwe mkono, sembuse kumfungua vifungo. Haya hiyo huiita nthoni. Miaka kumi na tisa walikuwa wamesalimiana kutoka mbali, yeye akiinamisha macho. Asubuhi hii mzee alikuwa ametoka Ngoliba kwa bodaboda, akikohoa, na kliniki hii ndogo ya Makongeni ilikuwa na muuguzi mmoja tu, yeye Mwelu.

Akaandika: Moyo, sawa. Mapafu, safi. Pumzi kwa dakika, 18.

Mzee akaenda kukaa kwenye benchi nje ya chumba cha daktari. Mwelu akaingiza fomu pamoja na daftari la siku. Daktari Muriithi alisoma huku akinywa chai.

"Kama mapafu ni safi, basi dawa ya kikohozi inamtosha. Ama?"

"Inamtosha."

Muriithi akarudi nyuma ukurasa mmoja, akacheka. "Ai, Sista! Leo Makongeni nzima inapumua kumi na nane. Hata mtoto wa miezi minne, anayepaswa kupumua mara mbili ya hapo? Huyu si mtoto, ni mzee wa kanisa."

Mwelu hakucheka. Masikio yake yaliwaka moto. Yule mtoto hakuwa mkwe wake. Wala mwenye duka la nafaka aliyepimwa kabla yake, wala yule msichana wa saluni. Nthoni ilikuwa imeingia kliniki leo asubuhi. Uvivu ulikuwa umekaa humo miaka.

Nje mzee alikohoa, akashika mbavu za kushoto.

"Daktari, sikumsikiliza."

"Nani?"

"Huyo mzee. Na wengine. Sihesabu. Naandika tu."

Muriithi aliweka kikombe chini. Hakugomba, na afadhali angegomba. "Mpigie simu mama wa huyo mtoto arudi naye sasa hivi," alisema. "Mzee nitamsikiliza mimi."

Mwelu alipiga simu pale pale. Mama wa mtoto hakuwa amefika mbali. Alipokata simu, alimkuta mzee amesimama mlangoni, koti mkononi, akitazama sakafu.

"Daktari, wacha amalize yule aliyeanza," mzee alisema, kisha akamgeukia Mwelu bila kuinua macho. "Wewe ulipima sweta, Mama Simeon. Sweta haikohoi."

"Nisamehe, Baba. Niliona haya."

"Hata mimi niliona. Ndiyo maana nikanyamaza nikijua hujanipima." Akakohoa tena, muda mrefu. "Tulikuwa tunaelekea kuzikana kwa heshima."

Daktari akawapisha, wakarudi wawili chumba cha kupimia. Mzee akageuza kiti kikatazama ukuta, akaketi akimpa Mwelu mgongo. Akavua sweta. Akafungua vifungo kimoja kimoja, shati likashuka, kisha fulana yenye tundu begani. Mwelu aliliona tundu lile, akajua kwamba mzee anajua ameliona.

Alisugua kichwa cha stetoskopu kiganjani mpaka kikapata joto. Kwanza alitazama saa, dakika nzima, akihesabu mbavu zikipanda na kushuka. Thelathini na moja. Kisha akasikiliza, kulia na kushoto, kutoka juu akiteremka. Juu kulikuwa na upepo mtupu. Chini upande wa kushoto akasikia mlio kama wa chumvi iliyonyunyizwa kwenye makaa; mapafu hayakuwa safi.

Akabaki hapo. Vidole vyake vilikuwa vimegusa ngozi ya baba mkwe, na dunia haikuwa imeanguka.

"Vuta tena, Baba. Polepole."

Mzee alivuta, akaishikilia pumzi, mabega yamepanda, akingoja aambiwe aiachilie. Nje, kilio cha mtoto kilikuwa kikikaribia lango.