Usingizi wa Watu Wawili

Kazi yangu ni kushona magodoro, na mke wangu hapati usingizi. Karakana nzima inanicheka kwa hilo. "Mganga hajigangi," wananiambia.

Amekuwa akimeza vidonge vya usingizi tangu tulipomzika mama yake. Daktari ndiye aliyemwandikia. Mtoto tumemtafuta miaka mingi. Siku alipotoka chooni na kipimo cha mimba mkononi, analia huku anacheka, nilichukua chupa ya vidonge nikaifungia kwenye sanduku langu la zana.

"Kuanzia leo, basi," nikasema.

"Nani kakuuliza?"

"Mtoto ni wangu pia."

"Na tumbo ni la nani?"

Kesho yake nikamletea dawa nyingine. Kazini kwetu vumbi la pamba linawasha pua, kwa hiyo kila mtu ana vidonge vya mafua mfukoni, na tunagawiana kama karanga. Vinalegeza mwili; ukimeza mchana utashona kidole. Nikajiona mjanja: atalala, na si dawa ya usingizi.

Alikigeuza kidonge kiganjani. Mikono ilimtetemeka, macho mekundu. Usiku kucha hakuwa amefumba jicho.

"Hiki kinalaza?"

"Kama gogo."

"Sasa tofauti yake na changu ni nini, mume wangu? Rangi?" Akakiweka mezani. "Mimba hii nimeingoja mno. Sitaiweka rehani kwa kubahatisha, kwangu wala kwako. Vaa viatu. Na chupa yangu uje nayo."

Kliniki tulimkuta daktari mmoja mama mtu mzima, asiyepoteza maneno. Akaisoma chupa, akanigeukia mimi.

"Nani alimkatisha dawa?"

"Mimi."

"Wewe ni daktari?"

"Magodoro."

Hakucheka. Alisema aliyeizoea dawa kama ile haiachi ghafla. Mwili unaweza kushikwa hata na degedege, na hapo mama na mtoto wote wako hatarini. Hupunguzwa kidogo kidogo, na yeye ndiye atakayepanga. Vidonge vya wenzangu, hata kama ni vya mafua, mjamzito asivimeze bila kuuliza.

"Mngekuja mlipoanza kutafuta mtoto," akasema. "Na akijifungua mrudi kabla hajameza chochote. Dawa nyingine hupita kwenye maziwa."

"Nitaweza kuacha?" mke wangu akauliza.

"Utakuwa na siku mbaya."

"Sijauliza hilo."

Daktari akamtazama, akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Utaweza."

Siku mbaya zilikuja. Asubuhi moja, baada ya dawa kupunguzwa tena, aliamka uso umevimba, chai ikamfurikia jikoni, akanitukana mimi badala ya sufuria. Roho iliniuma.

"Mke wangu, leo meza kidonge kizima tu. Nani atajua?"

Aligeuka na kijiko mkononi.

"Nitajua mimi. Nenda kazini."

Nikaenda.