Chemchemi Nyekundu ya Suhodol

Kijijini kwetu Suhodol ardhi ni mawe ya chokaa matupu, na mawe hayo yana tabia zake. Mvua ikinyesha maji hayakai juu. Yanazama, yanazurura huko chini yanakojua yenyewe, kisha yanaibuka mahali ambapo hakuna aliyeyaita. Mara mojamoja ardhi hutitia na kuacha shimo. Babu zetu walilizungushia ukuta wa mawe, wakapanda viazi ndani yake, maisha yakaendelea. Hakuna aliyeliuliza shimo lina maana gani.

Kisha tukaletewa Paroko Ignacij.

Alikuwa mtu mwembamba, mwenye sauti nzuri, asiyeweza kumpita konokono bila kumkamua mahubiri. Jalidi ikiunguza mizabibu, hiyo ilikuwa adhabu ya uvivu wetu. Isipounguza, ilikuwa subira ya Mungu, nayo ina mwisho. Upepo wa kaskazini ulipong'oa vigae vya nyumba ya akina Lipar, alitangaza mimbarani kwamba majivuno hayana paa. Juma hilohilo upepo uliangusha dohani ya nyumba yake mwenyewe. Tukaambiwa kwamba shetani humpiga mchungaji kwanza. Mimi naimba sauti ya pili kwenye kwaya, na kutoka kule roshani unaona mengi: nani amesinzia, na nani anamgeukia jirani yake kila dhambi inapotajwa.

Mwanzoni mwa kiangazi ardhi ilititia nyuma ya kilabu cha mvinyo cha Pavla Kobal, ikameza banda pamoja na nguruwe aliyekuwa ndani. Pavla ni mjane, ana mikono ya kubeba mapipa na ulimi wa kuchunia ngozi. Kanisani alikuja Krismasi na Pasaka, na hiyo Pasaka akichelewa.

Jumapili hiyo Paroko alipanda mimbarani uso unamng'aa kama mtu aliyeletewa zawadi mlangoni.

"Zamani ardhi ilifunua kinywa ikamla Kora na wenzake," alisema. "Leo imefunua kinywa hapa Suhodol. Je, ni nyuma ya kanisa? Sio. Ni nyuma ya shule? Sio."

Akatuachia tumalizie wenyewe. Tukamalizia. Kuanzia jioni ile wanaume waliogopa kuonekana kilabuni, wakawa wanakunywa majumbani, na wake zao ndio walioonja adhabu hiyo. Pavla alipoyasikia mahubiri alisema neno moja tu: "Kora aliasi, sawa. Nguruwe wangu aliasi nini?"

Hakuwa na wateja, lakini alikuwa na shimo, na mwenye shimo hakosi cha kutupa. Maganda ya viazi, majivu, maji ya kuoshea mapipa, vyote vilielekea huko. Vuli ilipofika, zabibu zikakamuliwa, akamwaga humo machicha yote ya mvinyo wake mwekundu, toroli baada ya toroli.

Sasa, chini ya kilima cha kanisa kuna chemchemi ndogo ambayo kiangazi hukauka. Mvua za vuli ziliponyesha ikaanza tena kutoka, na ilitoka nyekundu.

Bibi Tončka, mfagiaji wa kanisa, ndiye aliyeiona kwanza, akapiga ukelele hadi mbwa wakajibu. Paroko alikuja mbio na kanzu imefungwa vifungo kombo. Alipiga magoti matopeni. Alipoinuka tayari alikuwa na mahubiri.

"Mwamba ni moyo wa mwenye dhambi," alisema, machozi yakimtiririka. "Ukipigwa na neema, hutoa damu."

Kufikia mwisho wa juma watu walikuwa wanakuja kwa mabasi, na chupa, na wagonjwa wao. Na kwa kuwa hata hujaji ana tumbo, na Suhodol hakuna pengine pa kula, wote walikwenda kwa Pavla. Kilabu kilijaa hadi watu wakala soseji zao wamesimama. Paroko naye alizidi kuhubiri: juu kilimani kinywa cha jehanamu, chini bondeni titi la neema, chagueni wenyewe. Watu walichagua. Asubuhi neema, mchana jehanamu na supu ya maharagwe.

Pavla alishuka siku moja kuutazama muujiza. Alichovya kidole, akalamba, akatoa ganda la zabibu katikati ya meno. Akapanda moja kwa moja sakristia, ambako mimi nilikuwa natandaza vitambaa vya altare.

"Padri, ile siyo damu. Ni machicha yangu. Namwaga kule juu, yanakutokea huku chini."

Paroko alilisikia lote. Kisha, jamani, akatabasamu.

"Mwanangu Pavla, huoni? Uchafu wa mwenye dhambi hupita katika giza la mwamba, ukasafishwa!"

"Ungesafishwa, Padri, usingetoka mwekundu."

"Ni fumbo."

"Ni maganda. Chukua, hili hapa."

Alilitazama lile ganda kiganjani mwa Pavla, kisha akanitazama mimi, nami nikakitazama kitambaa. "Imani ya watu ni kitu chepesi kuvunjika," alisema taratibu. "Na nasikia kilabu kinafanya vizuri." Pavla alilitupa ganda, akaondoka bila kumuaga. Wala hakumwambia mtu mwingine. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu, "Ndugu yangu, mimi nauza supu."

Mambo yangeishia hapo, kama machicha yasingekwisha. Chemchemi ikaanza kupauka: waridi, kisha rangi ya chai ya mgonjwa. Na Baba Askofu alikuwa ametangaza kwamba atakuja kujionea, Jumapili ya Mtakatifu Martini, siku ya kubariki mvinyo mpya.

Ndipo Paroko Ignacij alipoingia kilabuni kwa mlango wa nyuma, kofia imemfunika macho. Nilikuwapo, namsaidia Pavla kumenya vitunguu.

"Dada Pavla," alianza, yeye ambaye miezi yote hiyo alimwita Kora mimbarani. "Ardhi ni mwalimu wetu. Lakini mwalimu naye... anaweza kuhitaji chaki."

"Sema unachotaka, Padri."

"Sitaki kitu. Nasema tu, kama siku ile ungekuwa na kitu cha kumwaga."

"Kora huyu akumwagie?"

Paroko aliona haya, masikio yalimwiva. Hata hivyo hakuondoka.

"Sawa," alisema Pavla. "Machicha yameisha. Nitamwaga kilichopo."

Jumapili ilipofika watu walikuwa wameujaza ukingo wote wa bonde. Baba Askofu alikuwa mzee mpana, mwenye viganja vya mtu aliyewahi kushika jembe. Maji yalikuwa na rangi ya kijivu kidogo. Watu wakanong'ona. Paroko alijaza kikombe cha fedha, akampa. Askofu akanywa, uso ukamkunjamana kama ngumi.

"Machachu," alisema.

Paroko hakupepesa macho. Aligeukia umati, akanyoosha mikono. "Siki!" alilia. "Ile waliyompa Mwokozi wetu msalabani! Mwamba unakumbuka!"

Nusu ya watu wakaanguka magotini. Bibi Tončka akaangua kilio. Nami nakiri kwamba kwa kitambo kidogo hata mimi nilisisimka, ingawa asubuhi nilikuwa nimemshikia Pavla upande wa pili wa pipa.

Ndipo Pavla akacheka. Hakukusudia, kicheko kilimtoroka tu, kikubwa, cha tumboni. "Ni maji ya kabichi niliyoichachusha mwaka jana!" alisema. "Alikuja mwenyewe kuniomba nimwage!"

Waliopiga magoti hawakujua wasimame au waendelee. Askofu alionja tena, polepole safari hii, akatoa kipande cha jani ulimini.

"Mimi ni mtoto wa mkulima," alisema. "Hii ni kabichi, na chumvi imekolea vizuri. Mama, soseji zipo?"

"Zipo, Baba Askofu. Na shimo la jehanamu ukitaka kuliona liko uani."

Wakapanda kilimani wote, kasoro Paroko, aliyebaki amesimama kando ya chemchemi na kikombe kitupu. Baada ya chakula Askofu alimwita kwenye kona ya kilabu, mbele yetu, wala hakushusha sauti. "Ignacij, mpaka Pasaka utahubiri Injili peke yake. Upepo uuache. Mvua uiache. Mawe, mashimo, wadudu, usiguse hata kimoja."

"Ndiyo, Baba Askofu."

Jumapili iliyofuata kanisa lilijaa kuliko Krismasi, na Pavla alikuwa benchi la mbele, hakuchelewa. Injili ya siku hiyo, kwa mpango wa kalenda ambao hakuna aliyeupanga hapa kwetu, ilikuwa ile ambamo Bwana anawaambia wanafunzi wautazame mtini, waone matawi yanavyolainika na majani yanavyochipua, wajifunze.

Paroko alisoma hadi mwisho. Alikifunga kitabu, akafungua kinywa. Kutoka roshani niliyaona mahubiri yakimpanda kooni, mazuri pengine, huenda mazuri kuliko yote aliyowahi kutupa. Nilimhurumia, na haikuwa kawaida yangu. Alishika ukingo wa mimbari kwa mikono miwili, akameza mate.

"Nasadiki," alisema, tukasimama kusali Kanuni ya Imani.

Tulitoka nje supu majumbani hata hazijachemka. Mzee Lipar alivaa kofia yake mlangoni, akaangalia vigae vipya vya paa lake ng'ambo ya barabara, akasema tangu padri huyu aje hajawahi kutuhubiria vizuri namna ile.