Jibu la Mwezi wa Tatu

...na huyu Naibu Waziri anasoma polepole utadhani analipwa kwa neno, swali namba mia mbili na kumi na nne, langu, lini Serikali itajenga daraja jipya la waenda kwa miguu pale njia ya shule, Mheshimiwa Spika, Serikali inatambua umuhimu wa... inatambua, mwaka mzima inatambua, nimeuliza maswali kumi na tisa na yote yametambuliwa, nami kila mara nimesimama, nimefunga kifungo cha koti, namshukuru Mheshimiwa Naibu Waziri kwa majibu mazuri, nikaketi, wenzangu wakapiga meza, na leo pia Mnadhimu wa chama kanipenyezea kikaratasi, Shukuru ukae, kimeshaloa jasho kiganjani, na kule juu kwenye viti vya wageni dada yangu kakaa wima, asubuhi alipiga simu, “Kaka, leo ndiyo wanalijibu lile swali lako? Nije nisikie?” nikasema njoo, ningesemaje... daraja lililopo ni imara na linakidhi mahitaji, Mheshimiwa Spika... imara? lilianguka mwezi wa nane, likaondoka na binti wa dada, miaka tisa, aliyekuwa akiniita mjomba wa redioni, hili jibu ni la mwezi wa tatu, baada ya msiba nimelirudisha swali, nao wamelitoa jibu kabatini hivyohivyo, hawakubadilisha hata nukta, na nani alilipeleka kabatini, sema, nani, mwezi ule wa tatu Mnadhimu alinishika bega kantini, “Mheshimiwa, liondoe kwanza hilo swali, bajeti ipite, tutakukumbuka,” nikasaini chai haijapoa, wakanikumbuka kweli, wakanisogeza mstari mmoja mbele, mmoja tu, bado naona visogo... wataalamu walilikagua na kujiridhisha... msibani nilimwambia dada niliuliza, wakanipuuza, akanishika mkono, akanipa pole, mimi, yeye ndiye akanipa pole mimi! sasa ananiangalia, ananiinamishia kichwa kama kusema wape, kaka, ananiamini, Mungu wangu, naona aibu mpaka masikio yanawaka, kanuni inasema nimtazame Spika, mgeni hatazamwi wala hatajwi, basi nitavunja kanuni, nitamtazama yeye, nitasema swali liliondolewa na aliyeliondoa ni mimi, na nikishasema sina tena dada, najua, hatapiga kelele, atachukua mkoba wake atoke, na bado kidole changu kimeshafika kwenye kitufe cha kipaza sauti, kikaratasi kimeanguka chini ya meza sikiokoti, na Naibu Waziri analamba kidole, anafungua ukurasa wa pili, Mheshimiwa Spika, kama nilivyosema, daraja hilo ni...