Ubeti Ambao Stellan Hakuutunga

Truphena Moraa hakuwahi kuiba hata kijiko katika nyumba aliyofanyia kazi mtaa wa Al-Malqa, Riyadh, na sasa eti ameiba wimbo. Hivyo ndivyo alivyoelewa siku Dana, binti wa madam, alipoingia jikoni akirukaruka na simu mkononi.

"Truphena! Mwenye ule wimbo wako anakuja Jeddah. Amesema lazima akuone!"

Lazima. Hilo ni neno la polisi.

Mambo yalianza Ramadhani iliyopita, Dana alipomrekodi akikunja sambusa huku anaimba, mikono tu na sauti, akaitupa video mtandaoni. Wazee fulani wa Uswidi wakaiona, wakashtuka. Ule ulikuwa wimbo wa Stellan Brodin, mpiga gitaa aliyevuma mwaka mmoja tu enzi za ujana wao, kisha akasahaulika, akaishia kupaka rangi nyumba za watu. Wajapani nao wakadakia, na Wabrazili, na vijana wa Riyadh kama Dana, wakazifukua santuri zake zote. Mzee akatua brashi, akashika gitaa tena. Onyesho lake la Jeddah lilikuwa limekwisha tiketi.

Truphena yeye alijua wimbo ule ni wa kanisa. Kwao Kisii, mmishenari mmoja Mswidi aliporudi nchini kwake aliacha sanduku la kaseti. Kiswidi hakuna aliyekijua, lakini kilichotoka nyumbani kwa mmishenari kingekuwa nini kama si neno la Mungu? Mwalimu wa kwaya, Japheth, akachagua wimbo mmoja, akaupunguza mwendo, akautia maneno ya Kiswahili. Tangu hapo hakuna aliyezikwa kijijini bila kuimbiwa.

Rafiki yake Lois, aliyefanya kazi za ndani mtaa wa Al-Naseem, alizidi kumtia hofu kwa simu.

"Aki Tru, hiyo ni copyright. Watu hushtakiwa! Sema si wewe. Si ilionekana mikono tu?"

"Na sauti je?"

"Sema ulikuwa na homa."

Truphena alicheka bila kupenda. Lakini mkataba wake ulikuwa umebakiza wiki kumi. Kafili wake, yaani mdhamini wa kibali chake, baba Dana, akipokea barua moja tu ya wakili, halas, atapandishwa ndege. Kurudi hakukumtisha. Kilichomtisha ni kurudi akiitwa mwizi. Siku za mwizi ni arobaini, akawaza, na zake zinaishia Jeddah.

Familia ilipokwenda Jeddah ilimchukua ili amwangalie mtoto mdogo, wakafikia kwa nyanyake Dana, mtaa wa Al-Baghdadiyah. Alasiri ya onyesho Dana akamvuta mkono. "Yalla, Truphena, anatusubiri!"

Nyuma ya jukwaa walimkuta mzee mrefu mwenye kitambi, miwani imening'inia kifuani. Alinyanyuka kuwasalimu, lakini Truphena hakungoja. Mficha uchi hazai.

"Bwana, sikuiba wimbo wako," alisema kwa Kiingereza chake cha shule. "Tulidhani ni wa Mungu." Akamwaga yote: sanduku, Japheth, makaburi. "Hata mama yangu tulimzika nao."

Mzee akaketi polepole.

"Unajua wimbo wenyewe unasema nini?"

"Sijui."

"Kijana anamngoja msichana nje ya sinema. Msichana haji. Mvua inamnyeshea. Ni hayo tu."

Truphena akafunika uso. Miaka ishirini na mitano, wazee wa kanisa wamevua kofia zao, kumbe wanamlilia msichana wa sinema! Kicheko kikamponyoka. Mzee naye akacheka hadi akakohoa, na alipojifuta macho, Truphena akaona kwamba si yote yalikuwa machozi ya kucheka.

"Waliniambia ni wimbo wa kipuuzi," Stellan alisema. "Nikawaamini, nikaacha muziki. Sikukuita nikushtaki, mama. Mimi nilitunga beti mbili. Wewe kwenye video unaimba tatu. Huu wa tatu umetoka wapi?"

"Jeneza huchelewa kushuka," Truphena akaeleza. "Beti mbili zilikuwa zinaisha likiwa bado juu juu. Watu wananyamaza, mfiwa anasikia kamba tu zikikwaruza mbao. Mwalimu Japheth akaona si vizuri. Akaongeza wa tatu, ili mfiwa asiachwe peke yake na zile kamba."

 Stellan akalivuta gitaa lake.

"Nifundishe. Nataka kuuimba leo kwa maneno yenu, na jina la Japheth nitalitaja mbele ya watu wote."

Mzigo wa wiki nzima ulimtoka Truphena kwa mara moja. Akavuta kiti, akaketi bila kukaribishwa, akashukuru Mungu kwa sauti. Hakuna barua ya wakili. Hakuna ndege. Akamtajia maneno moja moja: *Tupo hapa, hatujaondoka, udongo ukitulia tutakuwa tupo.* Mzee akayaandika kwenye kiganja cha mkono, akapiga gitaa, akaanza kuimba kwa mbio zake za ujana.

Truphena akainua mkono.

"Sivyo, mzee. Hapo kuna mtu anashushwa kaburini, na mtoto wake anatazama. Usimkimbize. Rudia."

Mzee akarudia.