Kilo Ishirini na Nane

Mume wangu Khoát aliwahi kunipandisha kwenye mizani nikiwa na mimba ya miezi minane, akaniambia nizuie pumzi. Alitaka kujua kama pumzi inapunguza uzito wa mtu. Sindano haikutikisika, nami nikamwambia akinisimamisha pale tena, pumzi itakayozuiwa ni yake. Hivyo ndivyo tulivyoishi miaka thelathini na minne.

Alikuwa fundi wa mizani katika soko la Đông Ba. Siku tuliyohamia nyumba hii, wanaume wengine wa mtaa walikuja na vitanda na makabati. Yeye alikuja na mizani mbili kubwa za kukanyagia, zile za kupimia magunia ya mchele, akazipanga sebuleni ubavu kwa ubavu. Juu ya hizo alipima nadharia zake zote kuhusu mwili wa binadamu, na nadharia alikuwa nazo nyingi kuliko nywele. Kwamba anayekula amesimama huchelewa kushiba kwa sababu chakula kinaanguka mbali zaidi. Kwamba mtu mwenye hasira ni mzito, jambo alilonipima nalo mara nyingi kuliko haki. Kwamba mtoto aliyelala ni mzito kuliko aliye macho. Hiyo ya mwisho aliipima kwa Trâm wetu, binti yetu wa pekee, alipokuwa na miaka mitatu. Macho, kilo kumi na mbili. Usingizini, kilo kumi na mbili.

"Ni uleule," akaniambia, amenyong'onyea kama aliyefiwa. "Kumbe tofauti ni moja tu. Akiwa macho, anakushikilia."

Nilimpenda sana siku ile, ingawa sikumwambia. Ningemwambia angeipima hiyo nayo.

Katika yote aliyoyajaribu, lililosimama lilikuwa moja, na alilirudia mpaka majirani wakalijua: uzito haupotei. "Ukihisi mzigo umekuwa mwepesi," alizoea kusema, "angalia vizuri. Kuna mahali umehamia."

Mimi nauza đậu hũ, maziwa ya soya yaliyogandishwa laini, yanayoliwa ya moto kwa shira ya tangawizi. Mama yangu aliiuza, na mama yake. Unaibeba kwa mzegazega: mwanzi begani, chungu kimefungwa upande mmoja, na upande wa pili kapu la bakuli, maji, shira na vigoda. Kila siku naingia ndani ya ngome kongwe ya mji kwa lango la mashariki, nazunguka vichochoro vilevile, na kuna milango arobaini ninayoijua kwa sauti ya komeo zake. Kilo ishirini na nane, alipima Khoát. Nilizibeba tangu nina miaka kumi na tisa bila kujua idadi yake, na nadhani ilikuwa heri.

Mwaka juzi bega la kulia lilianza kuvimba, kisha goti likafuata. Trâm, ambaye sasa ni muuguzi na ana sauti ya kuuguza watu kwa nguvu, alinikokota kwa daktari. Daktari alibonyeza hapa, akabonyeza pale, akasema nisibebe tena.

"Umesikia, mama?" Trâm akaniambia tulipofika nyumbani. "Mwisho Tết. Ikipita sikukuu ya mwaka mpya, huo mwanzi unapanda darini."

"Na mimi nipande wapi?"

"Ukae, mama. Upumzike kama watu."

Kukaa! Nilimtazama dada Xuyến wa ng'ambo ya barabara, aliyeacha kuuza mboga ili apumzike kama watu, na sasa anashinda dirishani akihesabu pikipiki. Niliogopa. Nasema wazi kwamba niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa mafuriko, kwa sababu mafuriko hushuka.

Khoát alikuwa akikuna kidevu. Halafu akasema, "Mwanangu, nipe mpaka Tết. Hili ni suala la fizikia."

"Baba, hili ni suala la bega."

"Bega ni nini kama si fizikia?" akajibu, akaenda kutafuta penseli.

Jaribio la kwanza lilinipa aibu ambayo mtaa haujaisahau. Khoát aliona kwamba bega linaumia kwa sababu mwanzi unalisugua, unateleza mbele na nyuma. Akapima chungu, akapima kapu, akahamisha bakuli mbili tatu mpaka pande zote zikawa kilo kumi na nne kamili. Kisha akashona mto mdogo wa sponji, akaukaza kwa misumari katikati ya mwanzi, katikati kwa rula, ukiwa na kingo za kulishika bega lisihame.

"Usawa kamili," akasema. "Hata ungeweka nzi upande mmoja ungeona."

Nikatoka. Mzuri kweli! Nilitembea kama bibi harusi. Nikauza bakuli la kwanza, la pili, la tano. Kwenye la kumi, mbele ya duka la kinyozi, nilijitwika, na kapu la nyuma likashuka mpaka chini kwa kishindo huku chungu kikininyanyukia usoni. Maana soya inauzwa, inaisha, na bakuli na maji haviishi! Kila mbebaji wa mzegazega hulijua hilo mwilini bila kufundishwa: chungu kikipungua, unasogeza bega kuelekea upande mzito, kidogo kidogo, siku nzima. Mimi nilikuwa nimefungwa katikati kama ng'ombe kwenye nira. Shira ilimwagika yote. Kinyozi alicheka mpaka akamkata mteja.

"Fundi wa mizani mzima!" nilimfokea Khoát. "Umepima mzigo wa asubuhi, ukasahau kwamba nauza!"

Alikaa chini. "Nimesahau kwamba unauza," akarudia polepole, na akaandika kwenye daftari lake. Hasira ikaniishia hapohapo, kwa namna alivyoliandika kwa heshima.

Basi nikamletea nadharia yangu mimi, maana hata mimi ninayo, nimeirithi. Mama yangu alinifundisha kwamba siri ni mdundo. Mwanzi mzuri unapinda na kuruka, na ukikanyaga wakati unaporuka, mzigo unajibeba wenyewe.

"Panda mizani," Khoát akasema. "Tembea papo hapo."

Nikapanda na mzigo wote. Nikatembea papo hapo sebuleni, hatua fupi fupi, mwanzi ukidunda. Yeye alipiga magoti sakafuni, miwani puani, macho kwenye sindano. Mimi ni kilo arobaini na tatu. Na mzigo, sabini na moja. Sindano ilishuka mwanzi uliporuka, ikapanda mwanzi uliporudi.

"Si unaona inashuka!" nikamwambia.

"Naona na inavyopanda. Unachopunguziwa juu unarudishiwa chini. Ukijumlisha ni sabini na moja ileile, mama Trâm." Akavua miwani. "Lakini mama yako hakuwa mjinga. Mwanzi laini haukugongi. Ule mgumu ungekupiga bega kila hatua. Mdundo unaondoa kishindo. Kilo hauziondoi."

"Kwa hiyo?"

Akaifuta miwani kwa shati. Nilimjua mume wangu akitafuta njia ya kutoka, na nilimwona hakuipata.

"Kwa hiyo Trâm anasema kweli," akasema. "Sina ujanja. Kilo ishirini na nane ni kilo ishirini na nane, na bega ni lako."

Nilishuka kwenye mizani, nikaweka mzigo chini, nikaenda jikoni kuosha bakuli zilizokuwa safi.  Zilibaki siku tisa kufika Tết.

Kesho yake niliamka nikamkuta uani na mwanzi mpya, mrefu kuliko wangu, akiusugua kwa kipande cha chupa. Alikuwa ameweka chungu na kapu pamoja ndani ya tenga moja kubwa, limefungwa kamba moja. Mizani zote mbili alikuwa amezitoa nje, zimetazamana.

"Panda ile," akasema. "Mimi hii."

"Unataka nini tena?"

"Panda kwanza, ugombe baadaye."

Tulipanda, tukaweka mwanzi begani, yeye ncha moja na mimi ncha nyingine, tenga likining'inia katikati yetu. Nilisoma sindano yangu: hamsini na nane. Kilo kumi na tano tu juu yangu, mwanzi wenyewe ukiwemo. Bega langu lilishusha pumzi.

"Nilisema bega ni lako," akasema kutoka ng'ambo ya tenga. "Nilikosea. Nilihesabu mabega mawili nikasahau manne."

"Wewe uuze soya? Wewe, unayemwagia chai sahani?"

"Sitauza. Nitabeba. Tena tazama." Alisogeza kamba kuelekea kwake shibiri moja, na sindano yangu ikashuka kilo tatu na nusu, ya kwake ikapanda vilevile. "Umeona? Kamba ikisogea kwa mtu, mzigo unamfuata. Haupotei hata robo."

"Rudisha katikati," nikamwambia. "Mzee mwenzangu, una miaka sitini na tano. Katikati, au naacha."

Akairudisha. Akachonga mfuo katikati ya mwanzi, kamba ikae hapo. Trâm alipokuja alitukuta tukizunguka ua na tenga, tukigombana nani aanze mguu wa kushoto. Alisimama mlangoni, mkono kiunoni, kisha akaanza kucheka, na alipomaliza kucheka akasema tutajaribu mwezi mmoja.

Tukajaribu. Mimi mbele kwa sababu najua njia, yeye nyuma. Siku za kwanza zilikuwa balaa: hatua zake ndefu, zangu fupi, tenga likiyumba kama mlevi. Milango arobaini ilifunguka kutucheka.

"Shangazi," kijana wa duka la baiskeli aliniita, "huyo punda umempata wapi?"

"Nilimwoa," nikamjibu.

Lakini wiki ya pili tulipata mwendo. Mwezi ulipoisha, Trâm alinibonyeza bega akashangaa. Uvimbe ulikuwa umekwisha kabisa. Mwezi wa pili nilikuwa napanda daraja la mfereji nikiimba. Nilijisifu kwa dada Xuyến kwamba nimerudi ujana, kwamba tenga silihisi kabisa, kwamba siku nyingine nageuka kuangalia kama bado lipo.

Nililisema hilo dirishani kwake, kwa mdomo wangu mwenyewe, na maneno yakanirudia nikiwa katikati ya barabara. Tenga silihisi kabisa.

Niliingia uani. Khoát alikuwa kwenye kiti cha uzi, usingizini, mdomo wazi. Mwanzi ulikuwa umeegemezwa ukutani. Niliuchukua nikaupeleka kwenye mwanga. Mfuo alioutia katikati ulikuwa bado mpya, kingo zake kali, kamba haijaugusa labda tangu wiki ya kwanza. Shibiri mbili kutoka hapo, upande wa nyuma, mwanzi ulikuwa umelika na kung'aa kwa kamba. Shibiri mbili. Kilo saba. Kila siku, ninapofunga kofia yangu kabla ya kujitwika, alikuwa anaisogeza.

Nikaenda nikamfunua kola ya shati. Bega lake la kulia lilikuwa jekundu, na pembeni limeota sugu.

Nilikasirika, nikalia, na sijui kilichotangulia. Aliamka akanikuta nimeshika shati lake.

"Uzito haupotei," nikamwambia. "Miaka thelathini na minne unaniimbia. Ulidhani sitasikia?"

Aliangalia mwanzi, akaniangalia. Mtu mzima, uso kama wa mwizi wa maembe. "Kuna nadharia," akaanza. "Mtu wa nyuma anauona mzigo. Jicho likiuona mzigo, misuli inajiandaa mapema, kwa hiyo kisayansi mtu wa nyuma anapaswa..."

"Baba Trâm."

"Naam."

"Ipime hiyo."

Akafunga kola ya shati. Halafu akasema, kwa sauti ndogo, "Haitapimika."

Nilimpaka mafuta ya mkaratusi yaliyobaki kwenye chupa yangu, nikamwambia kuanzia kesho mimi nakaa nyuma na yeye mbele, njia ameshaijua. Alibisha, nikabisha zaidi. Asubuhi, mbele ya macho yangu, alifunga kamba kwenye mfuo wa katikati, akaikaza, akapima kwa rula pande zote. Nikaridhika. Tukatoka.

Hiyo ni miezi minne sasa. Bega lake limepona, langu halijavimba, na Trâm hataji dari tena. Yeye hutangulia, shingo imenyooka, akiwasalimia wateja wangu kana kwamba ni wake. Na kila tunapojitwika, anapoweka sawa kofia yake, mimi nasogeza kamba kuja kwangu upana wa kidole kimoja. Kimoja tu. Sitaki mengi.

Juzi, juu ya daraja la mfereji, alipunguza mwendo. Hakugeuka.

"Mama Trâm," akasema, "mbona leo bega langu jepesi?"

"Ni mdundo," nikamwambia. "Tembea."