Nguzo Iliyovishwa Saruji

Kigogota alipewa jina hilo kazini, na alilistahili. Miaka ishirini na sita alikuwa akizunguka mitaani na nyundo, akigonga nguzo za umeme na kutega sikio. Nguzo nzima hujibu ko! kavu, iliyooza hujibu kwa uzito, kama mtu aliyeamshwa usingizini. Kisha huchimba shinani hadi kiwiko kizame, akatoboa kwa keekee, akanusa unga wa mti, akapaka dawa. Maana nguzo haianzi kuoza juu, jamani. Huozea pale udongo na hewa vinapokutana, chini kidogo ya macho ya watu.

Sasa kuna watu na saruji yao! Wakiona udongo wanaona aibu. Mwenye duka la dawa alimwaga sakafu mbele ya mlango wake, akaizungushia nguzo mpaka ikabanwa barabara. Mwaka jana Kigogota alifika pale, akagonga, ko!, akaitazama saruji, akalitazama jua, akapaka alama nyeupe ya kuipitisha. Hakuchimba. Nani avunje sakafu ya mtu kwa nguzo inayojibu vizuri hivyo?

Asubuhi hii kikosi kilikuwa kinahamishia nyaya kwenye nguzo mpya, iliyosimamishwa kando ya ile ya zamani pale dukani, hatua moja tu. Umeme ulikuwa umezimwa. Aliyepanda ya zamani ni binti yake Kigogota, kitindamimba wake, ambaye kikosi kizima kilimwita Paka. Aliiona alama nyeupe ya baba yake, akafunga mkanda, akapanda bila swali. Nyaya zilikuwa nne, na mmoja alishaukata.

Kigogota alikuwa akikagua nguzo ya tatu kutoka hapo, fundi bomba aliyekuwa akifanya kazi mbele ya duka alipomwita.

"Mzee, hebu njoo uone. Huu mti wenu una chini kweli?"

Jana yake fundi huyo alipasua saruji shinani mwa nguzo ile apitishe bomba, akafunika shimo kwa ubao, akaenda zake. Leo ndiyo kwanza kauondoa. Kigogota alirudi, akapiga magoti chini ya Paka, akachomeka bisibisi kwenye mti. Ikazama mpaka mpini, kama kijiko kwenye uji. Akaingiza mkono. Vidole vikapita chini ya nguzo, vikatokea upande wa pili.

Salale! Mita tisa za mti, na chini hakuna kitu! Nyaya tatu na kipande cha saruji ndivyo vilivyoishikilia, na huko juu mwanawe kafungwa kwa mkanda, mkasi umeshauma waya wa pili.

"Mama," aliita taratibu, maana alijua akipiga kelele atamshtua. "Usikate."

"Nini tena, baba? Namalizia huu."

"Usikate chochote. Nguzo haina chini."

Paka akainama kutazama, akaona mkono wa baba yake umezama shimoni hadi begani. Akautoa mkasi polepole, jino baada ya jino.

"Kamba unayo? Funga hiyo nguzo kwenye mpya, kisha uhamie huko. Na usikurupuke, mwanangu. Haraka haraka haina baraka."

"Hiyo mpya umeikagua?"

"Nimeiona ikizikwa kwa macho yangu."

Akafunga kamba, akakaza fundo, akauzungusha mkanda wa pili kwenye nguzo mpya ndipo akaufungua wa kwanza. Kigogota hakuinuka pale shimoni hadi viatu vya binti yake vilipogusa ardhi.

Wakawasogeza watu mbali. Kigogota akaigusa nguzo kwa kidole kimoja, kidole tu, na ule mti, ingawa umefungwa kamba juu, ukayumba chini kama bembea. Lo! Mwaka mzima wa pepo na mvua, mtaa umelala na taa zake, umepika, umesikiliza redio, na nguzo haikubeba kitu. Ilibebwa na nyaya zilezile ilizowekwa izibebe, nazo zikashikwa na nguzo jirani, na jirani ya jirani, mpaka huko mwisho wa barabara. Kigogota alizifuata kwa macho, kinywa wazi. Alistaajabu mpaka akasahau kuogopa.

"Alama ni yako, baba," Paka alisema.

"Ni yangu." Alisema mbele ya kikosi kizima. "Sikuchimba. Nilimwonea haya mwenye sakafu, na jua lilikuwa kali. Nisamehe, mwanangu."

Paka aliuvua mkanda, akamgeukia.

"Zenye saruji ulizozipitisha hivi ni ngapi?"

Kigogota alifumba macho, akaipita mitaa kichwani, mmoja mmoja. "Kumi na moja."

"Na vikosi vingine leo vimepanda zipi?"

Kigogota alishatoa simu, na vidole vyenye unga wa mti uliooza vilikuwa vinakosea namba.