Nani Humgeuza Mgonjwa

Katika hospitali moja huko Bangladesh, ambayo siitaji jina nisije nikafunguliwa kesi, kila mgonjwa alikuja na ndugu wa kulala chini ya kitanda. Ndugu ndiye aliyelisha, aliyeosha, aliyekimbilia dawa mtaani. Kazi ya nesi ilikuwa kupita na kuuliza mbona hujafanya.

Chini ya kitanda cha kumi na nne alilala Morjina. Mama yake, Jobeda, alikuwa amepooza upande mmoja, na daktari alisema ageuzwe kila saa mbili, la sivyo mgongo utaoza. Morjina akamgeuza siku kumi na tisa, mpaka kiuno chake mwenyewe kikaomba kulazwa. Mgongo wa mama haukupata hata mchubuko.

Ndipo akaja Ishtiak, mtafiti wa viatu vya kung'aa, na fomu yake ya matatizo ya wagonjwa na huduma wanazopata. Nani humgeuza mgonjwa? Visanduku viwili: daktari, nesi. Binti hakutengewa kisanduku. Sista mkuu naye alikuwa kasimama palepale, na mwenye mgonjwa kitandani hamsemi nesi vibaya, hasa kitanda chenyewe kama alikipata kwa kubembeleza.

Morjina akajibu kwamba ni manesi, tena wanawatunza wagonjwa kama mama zao. Kisha akamnong'oneza Jobeda: ukiulizwa, wasifu.

Wodi nzima ilisifu. Utafiti ukatoka: wagonjwa tisini na sita katika kila mia hugeuzwa na manesi. Mkurugenzi wa hospitali akapewa ngao, akapigwa picha nayo. Halafu, maskini, akafikiri. Kama manesi wanafanya yote hayo, hawa ndugu wanajaza wodi kwa kazi gani? Akawatoa nje. Wakaruhusiwa kuingia saa kumi jioni, kwa saa moja tu.

Mdomo huponza kichwa, wanasema. Wa Morjina uliponza mgongo wa mama yake.

Siku ya nne, Morjina alimkuta mama ameelekea ukutani, vilevile alivyomwacha jana. Kando yake alikuwa Ishtiak, amerudi na fomu ya awamu ya pili.

"Mama, nani anakugeuza?"

"Manesi, mwanangu," Jobeda akauambia ukuta. "Mungu awabariki."

Morjina aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Akafunua shuka. Kidonda kilikuwa kipana kama kisahani, nacho kilinuka.

"Andika hakuna," akasema.

Ishtiak akapekua fomu. "Dada, hakuna kisanduku cha hakuna."

Morjina akamnyang'anya kalamu, akachora kisanduku kikubwa, akatia alama, huku sista mkuu akimtazama. Kengele ya kuwatoa wageni ikalia. Akamshika mama begani na nyongani, akamgeuza taratibu, kisha akaingia chini ya kitanda na kutandika mkeka wake.